Naira na faranga ya CFA: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu viwango vya zamani

Mwaka 1985, kwa hesabu za serikali, naira moja ya Nigeria ilikuwa sawa na faranga za CFA 500. Mwaka 2024, kwa wastani, haikufika hata nusu faranga. Maswali yaliyo hapa chini huulizwa na wanafunzi, wafasiri wa mikataba, wafanyabiashara, na watu waliokuta risiti kuukuu ndani ya sanduku la mzazi. Ukiwa na haraka, soma swali la 4 na la 10. Mengi yanayowakwaza watu yamo humo.

## Mambo ya mwanzo

1. Fedha hizi mbili ni zipi, na nani anazitoa?

Naira ni ya nchi moja na benki kuu moja. Ilianza kutumika Nigeria tarehe 1 Januari 1973 ikichukua nafasi ya pauni ya Nigeria, na kila pauni moja ilitoa naira mbili. Naira moja ina kobo 100, ingawa siku hizi kobo utaiona zaidi kwenye vitabu vya hesabu kuliko mfukoni mwa mtu.

Faranga ya CFA ni ya nchi nyingi. Inayozungumzwa hapa, yenye alama ya XOF, hutolewa na benki kuu ya pamoja iitwayo BCEAO, yenye makao makuu Dakar. Hutumika katika nchi 8: Benin, Burkina Faso, Côte d'Ivoire, Guinea-Bissau, Mali, Niger, Senegal na Togo. Ilizaliwa tarehe 26 Desemba 1945, na wakati huo herufi CFA zilisimama kwa "makoloni ya Ufaransa ya Afrika". Baada ya uhuru maneno yalibadilishwa, herufi zikaachwa zilivyo. Sokoni Nigeria huitwa "sefa" tu.

2. Je, faranga ya CFA ina undugu na faranga za Rwanda, Burundi na Kongo?

Hapana, zinashirikiana jina tu. Hizo tatu zina asili ya faranga ya Kongo ya Kibelgiji na kila moja ina benki kuu yake. Ndugu wa kweli wa CFA katika bahari yetu ni faranga ya Komori, ambayo nayo imefungwa kwenye yuro kwa dhamana ya Hazina ya Ufaransa: yuro 1 ni faranga za Komori 491.96775. Mwaka 1994 CFA iliposhushwa kwa nusu (swali la 9), ya Komori ilishushwa kwa theluthi moja, ndiyo sababu leo namba zao hazifanani.

3. Kwa nini watu wanazitafuta hizi mbili pamoja?

Angalia ramani. Nigeria imezungukwa na nchi zinazotumia faranga: Benin magharibi, Niger kaskazini, Chad na Kamerun mashariki (hizi mbili za mwisho zina faranga nyingine, tazama swali la 14). Ng'ombe wa Niger huuzwa Nigeria kwa naira. Bidhaa za Lagos hupita kituo cha mpaka cha Sèmè-Kraké kwenda soko la Dantokpa, mjini Cotonou, Benin. Maradi ya Niger na Katsina ya Nigeria zinafanya biashara kama vile mpaka haupo. Kila mmoja katika njia hizo lazima ajue leo sefa ni ngapi.

4. Nani hupanga kiwango cha naira kwa faranga?

Hakuna. Hakuna ofisi Abuja wala Dakar iliyowahi kukaa ikatangaza kwamba naira moja ni faranga kadhaa na dunia ikafuata. Naira hupimwa kwa dola. Faranga imefungwa kwenye yuro, na kabla ya 1999 ilifungwa kwenye faranga ya Ufaransa. Kiwango unachokiona kwenye majedwali kimezaliwa kwa kugawanya namba moja kwa nyingine.

Matokeo yake ni kwamba kiwango kinaweza kusogea bila Nigeria wala Benin kufanya lolote. Dola ikipanda dhidi ya yuro, faranga hushuka pamoja na yuro, na naira huonekana imepata nguvu kwa Cotonou hata kama Lagos hakuna kilichobadilika.

Mahali pekee ambapo fedha hizi hukutana uso kwa uso ni mpakani, kwa wabadilishaji wa mtaani. Pale bei hupangwa na wingi wa noti: nani analeta naira leo, nani anatafuta sefa. Kwa hiyo anayeuliza "kiwango kilikuwa ngapi" aongeze: cha benki au cha mtaani? Kwa miaka mingi majibu hayo mawili yalitofautiana mara tatu au nne.

## Hesabu na namba

5. Nitakokotoaje kiwango cha tarehe fulani?

Chukua idadi ya faranga kwa dola moja, ugawanye kwa idadi ya naira kwa dola moja. Mwaka 2008 dola moja ilikuwa faranga 448 na naira 118.5 kwa wastani. 448 kwa 118.5 ni 3.8, basi naira moja ilipata faranga 3.8.

Kwa tarehe za kuanzia 1 Januari 1999 kuna njia fupi. Yuro moja ni faranga 655.957 daima, haijawahi kubadilika, kwa hiyo tafuta tu yuro moja ilikuwa naira ngapi siku hiyo, kisha gawanya 655.957 kwa namba hiyo. Kwa miaka ya nyuma zaidi tumia faranga ya Ufaransa: moja ilikuwa CFA 50 hadi Januari 1994, halafu CFA 100.

Angalizo ambalo wengi hulisahau: namba zote mbili ziwe za siku ileile na za aina ileile. Ukichanganya dola ya mtaani Lagos na dola ya benki Dakar utapata jibu ambalo hakuna mtu aliyewahi kulipwa.

6. Kuna jedwali la haraka?

Haya ni makadirio ya wastani wa mwaka kwa viwango rasmi.

| Mwaka | Naira kwa dola 1 | CFA kwa dola 1 | Naira 1 = CFA |
|---|---|---|---|
| 1973 | 0.66 | 223 | 340 |
| 1980 | 0.55 | 211 | 385 |
| 1985 | 0.89 | 449 | 500 |
| 1990 | 8.0 | 272 | 34 |
| 1993 | 22 | 283 | 13 |
| 1994 | 22 | 555 | 25 |
| 2000 | 102 | 712 | 7 |
| 2008 | 118.5 | 448 | 3.8 |
| 2015 | 192 | 591 | 3.1 |
| 2020 | 359 | 575 | 1.6 |
| 2022 | 426 | 624 | 1.5 |
| 2024 | 1,480 | 606 | 0.41 |

Mistari ya 1985 na 1994 inahitaji maelezo kabla ya kunukuliwa popote (swali la 7 na la 9).

## Miaka iliyobadilisha mambo

7. Ni kweli naira moja iliwahi kupata faranga 500?

Kwenye karatasi, ndiyo. Mtaani, mbali kabisa.

Mafuta ya petroli yalipopanda bei miaka ya 1970, Nigeria ilikuwa na dola za kutosha na naira ikawa na thamani kuliko dola yenyewe. Bei ya mafuta ikaanza kuporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1980, dola zikaadimika, lakini serikali haikutaka kushusha naira. Wakati huohuo dola ilikuwa ikipaa dhidi ya fedha za Ulaya, ikiivuta chini faranga ya Ufaransa na CFA nyuma yake. Ndipo likatokea jambo la ajabu: mwaka ambao Nigeria ilikuwa hoi ndio mwaka ambao jedwali linaonyesha naira ikiwa kileleni dhidi ya CFA.

Anayekwenda benki kununua dola kwa 0.89 alihitaji kibali cha kuingiza bidhaa, na kibali kilihitaji jamaa mkubwa. Wengine wote walikwenda kwa wabadilishaji, ambako naira ilipata sehemu ndogo tu ya faranga hizo 500. Aprili 1984 utawala wa kijeshi wa Muhammadu Buhari ulifunga mipaka na kubadilisha rangi za noti ili kuwanasa waliokuwa wamehifadhi naira nje. Fikiria mchuuzi wa Cotonou mwenye furushi la noti za zamani wiki ile. Kwake swali la kiwango lilikuwa limekwisha.

8. Nini kilitokea kati ya 1985 na 1990?

Septemba 1986, chini ya Ibrahim Babangida, Nigeria ilianza mpango wa kurekebisha uchumi na kufungua soko la pili la fedha za kigeni, ambako bei ya dola iliamuliwa kwa mnada. Naira ikashuka hadi karibu 4 kwa dola mwaka uliofuata, kisha 8 kufikia 1990. Upande wa pili, dola ilikuwa imeshuka duniani, hivyo faranga ilipata nguvu. Naira ilipigwa pande zote mbili: kutoka faranga 500 hadi 34 ndani ya miaka mitano.

Wa Benin na Niger walijikuta bidhaa za Nigeria zimekuwa rahisi kupindukia, kuanzia petroli hadi sabuni. Viwanda vyao havikuweza kushindana.

9. Mbona 1994 naira inaonekana kupanda maradufu?

Kwa sababu ni faranga iliyoanguka. Tarehe 11 Januari 1994, viongozi wa nchi za CFA walikutana Dakar, na kuanzia tarehe 12 faranga ikapunguzwa thamani kwa nusu mbele ya faranga ya Ufaransa: kutoka CFA 50 kwa faranga moja hadi CFA 100. Mshahara wa mwalimu wa Cotonou haukubadilika namba, lakini kila kilichotoka nje kilipanda mara mbili au karibu na hapo.

Kulikuwa na dalili. Tarehe 2 Agosti 1993 benki kuu za CFA ziliacha kuzinunua tena noti zao zilizokutwa nje ya nchi zinazozitumia. Kabla ya hapo, mfanyabiashara wa Nigeria aliyelipwa sefa aliweza kuzipeleka benki na mwishowe zikawa fedha za Ulaya; wengi walizitumia hivyo, kama mlango wa nyuma wa kutorosha mtaji. Mlango ulipofungwa, sefa za mpakani zilibaki mpakani. Kwa maoni yangu tarehe hiyo, ambayo haimo kwenye majedwali yoyote, iliathiri soko la mtaani kuliko maamuzi mengi yaliyopigiwa tarumbeta.

10. Kwa nini takwimu za 1995 hadi 1998 zinanitia shaka?

Una haki ya kutia shaka. Huu ndio mtego mkubwa kuliko yote, na nimeuona ukiingia hadi kwenye tasnifu.

Utawala wa Sani Abacha uliigandisha naira kwenye karibu 22 kwa dola mwaka 1994. Mwaka 1995 likafunguliwa soko jingine halali ambako dola iliuzwa kwa naira zaidi ya 80, lakini kile cha 22 kiliendelea kuwepo kwa ajili ya matumizi ya serikali. Hifadhidata nyingi za kimataifa zilibaki na 22 hadi 1998. Viwango vilipounganishwa 1999, jedwali linaruka ghafla hadi 92.

Msomaji asiyejua husema naira ilianguka 1999, mwaka ambao Nigeria ilirudi kwenye utawala wa kiraia, na mara wanasiasa wanapewa lawama isiyo yao. Kwa 1998 hesabu ya 22 inakupa faranga 27 kwa naira. Hesabu ya soko lililotumika kweli inakupa kama 7. Tumia 7.

11. Ni siku gani naira ilipitwa na faranga?

Rasmi, tarehe 14 Juni 2023. Asubuhi hiyo Benki Kuu ya Nigeria iliunganisha madirisha yake ya fedha za kigeni (masoko rasmi ya dola, kila moja na bei yake) na kuiachia naira; kutoka karibu 471 kwa dola ikafunga siku juu ya 660. Faranga wakati huo ilikuwa kama 606 kwa dola. Kwa mara ya kwanza kwenye vitabu vya benki, naira moja haikutosha kununua faranga moja.

Mtaani habari hiyo ilikuwa ya zamani. Nusu ya pili ya 2022 wabadilishaji walikuwa tayari wanaiuza dola kwa zaidi ya naira 700, wakati faranga ilikuwa chini ya hapo.

Njia ya kufika huko ilikuwa na ngazi: Februari 2015 naira ikawekwa kwenye 197 au 198, Juni 2016 ikaachiwa na kuruka juu ya 280, Februari 2017 mtaani ilipita 500 wakati ya benki ilikuwa 305, kisha madirisha mapya kila mara bei ilipobana.

Ukiandika kuhusu 2023, usitumie wastani wa mwaka. Mwaka ulianza na naira kupata faranga 1.3 na ukaisha kwenye 0.65. Wastani wa 0.94 ni namba ambayo haielezi nusu ya kwanza wala ya pili.

## Mpakani

12. Wabadilishaji wa mtaani wanatajaje bei?

Kwa maelfu. Upande wa Cotonou mara nyingi hutaja naira 1,000 zinapata faranga ngapi, na upande wa Nigeria sefa 1,000 zinahitaji naira ngapi. Ukiusikia mmoja ukaudhani mwingine utapata hasara palepale. Wengi wao ni Wahausa, na Nigeria mbadilishaji huitwa "aboki", yaani rafiki. Tofauti ya bei ya kununua na ya kuuza ndiyo riziki yake, kwa hiyo kiwango ulichokokotoa nyumbani (swali la 5) hutakipata dirishani.

13. Naira ikishuka, nani anaumia ng'ambo ya mpaka?

Muuza ng'ombe wa Niger kwanza. Anauza kwa naira, anarudi kununua nafaka kwa faranga, na furushi lilelile la noti linapungua kila safari. Wa Benin wanaoishi kwa kuingiza mchele na magari yaliyotumika bandarini Cotonou ili yavuke kwenda Nigeria nao huona wateja wakipotea. Wanigeria wanaosomesha watoto Benin hulipa ada kwa faranga, na 2024 ada ileile ilihitaji naira zaidi ya mara tatu ya zile za 2022.

Anayenufaika ni mnunuzi wa bidhaa za Nigeria, lakini si za kila aina. Petroli ya magendo, inayoitwa "kpayo" Benin, ilitakiwa kuwa rahisi zaidi naira ilipoporomoka 2023. Ila mwisho wa Mei mwaka huo Rais Bola Tinubu alikuwa ameondoa ruzuku ya mafuta, na bei ikapanda kabla naira haijashuka. Mipaka nayo ina sauti: Nigeria iliifunga ya nchi kavu kuanzia Agosti 2019 hadi Desemba 2020, na ule na Niger ulifungwa baada ya mapinduzi ya Julai 2023 hadi mwanzoni mwa 2024. Mpaka ukifungwa, kiwango cha benki huwa pambo tu.

## Mambo ya pembeni

14. Faranga ya Kamerun na Chad ni ileile?

Thamani ileile kwa yuro, fedha tofauti. Ile ina alama ya XAF na hutolewa na BEAC, Yaoundé. Kwa hesabu ya kihistoria unaweza kutumia jedwali la swali la 6. Kwa kulipia chakula Cotonou, huwezi: noti za Yaoundé hazipokelewi huko, na mbadilishaji atakukata. Ndani ya nchi 8 za XOF hakuna shida hiyo. Herufi kwenye noti huonyesha tu nchi ilikotolewa (B ni Benin, H ni Niger, K ni Senegal), na zote zina thamani moja.

15. Je, kuna sifuri zilizofutwa ninazopaswa kurekebisha?

Kwa fedha hizi mbili, hapana. Nigeria ilitangaza Agosti 2007 kwamba ingeondoa sifuri mbili mwaka uliofuata, mpango ukasimamishwa. Waliofuta ni wengine: Ghana iliondoa sifuri nne kwenye cedi Julai 2007, na Ufaransa iliondoa mbili kwenye faranga yake Januari 1960. Hii ya pili inagusa CFA kwa namna moja. Hati za miaka ya 1950 zinasema CFA 1 ni faranga 2 za Ufaransa, za baada ya 1960 zinasema ni 0.02. Thamani haikubadilika.

16. Na kabla ya naira?

Pauni ya Nigeria ilianza 1959; kabla yake ilikuwa pauni ya Afrika Magharibi, chini ya bodi iliyoundwa London 1912, kama ile ya Afrika Mashariki iliyofuata 1919. Miaka ya 1960 pauni moja ya Nigeria ilikuwa dola 2.80, sawa na CFA 690 hivi. Uingereza iliposhusha pauni yake Novemba 1967, Nigeria ilikataa kufuata. Ufaransa ikashusha faranga Agosti 1969, na pauni ya Nigeria ikafika kama CFA 778.

Ukirudi nyuma zaidi unakuta kauri, yaani simbi za baharini zilizotumika kama fedha, na hapo sisi wa pwani tunaingia kwenye hadithi. Tangu miaka ya 1840 wafanyabiashara wa Hamburg walinunua kauri Zanzibar na mwambao wa Afrika Mashariki wakazipeleka Ouidah (leo ni Benin) na Lagos. Kauri za kwetu ni kubwa kidogo kuliko za Maldivi zilizozoeleka kule, na zilipatikana kwa bei ya kutupa. Zilimiminwa kwa shehena hadi zikapoteza thamani, na aliyeweka akiba ya kauri akabaki na chombo cha kuchezea bao.

17. Nina noti za zamani. Zinabadilishwa?

Noti za CFA za toleo lililotangulia lile la 2003–2004 zilikoma kuwa halali mwisho wa 2004. Naira za 200, 500 na 1,000 zilibuniwa upya Desemba 2022, na uhaba wa noti uliofuata uliwatesa watu vibaya mwanzoni mwa 2023. Mahakama ya Juu ya Nigeria iliamua noti za zamani ziendelee kutumika, na baadaye ikaondoa ukomo wa muda. Kwa hizo usikubali kuambiwa ni karatasi.

18. Risiti ya Niger inasema "dala 200". Ni dola?

Si dola. Kwa Kihausa cha Niger, dala ni faranga 5, kwa hiyo risiti yako ni ya faranga 1,000. Tatizo ni kwamba kwa Kihausa cha Nigeria, neno hilohilo dala ni dola ya Marekani. Kabla ya kukokotoa chochote, uliza risiti iliandikwa upande gani wa mpaka.